Mvua ya Krismasi Mwanza: kapu ni la nani?

Swali: Mtunza Daftari wa Kirumba

Wakuu, habari za jioni. Naleta kwenu shauri lililokigawa kijiwe chetu cha hapa Kirumba tangu sikukuu zilipopita, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika daftari na fedha, lawama zote zinaishia kwangu. Sisi si watu wa mikeka ya mpira, yaani tiketi za kubashiri mechi; wengi wetu tulichoka kuchaniwa. Tunachobashiri ni mambo mengine: nani atatangazwa mshindi wa tuzo za muziki, mshiriki yupi atatolewa kwanza kwenye shindano la runinga, mgeni rasmi wa sherehe fulani atafika akiwa amechelewa kwa muda gani, Daraja la Kigongo–Busisi litazinduliwa mwezi gani (hilo lilituhangaisha hadi lilipozinduliwa tarehe 19 Juni 2025), na mvua. Kila mtu huweka shilingi 5,000 kwenye kapu, waliopatia hugawana, na hakuna anayekatwa chochote.

Safari hii niliandika daftarini hivi: "Mvua itanyesha Mwanza siku ya Krismasi." Wote walisoma na wote walitia saini. Sasa tazameni yaliyotokea. Tarehe 24 Desemba saa nne usiku mvua kubwa ilipiga Kirumba. Tarehe 25 mchana, hapa kwetu yalidondoka matone ambayo hayakutuliza hata vumbi la barabarani, lakini wenzetu wanaoishi Buhongwa wanasema kwao alasiri ilinyesha mvua ya haja, na wametuma picha. Waliobashiri ukavu wanasema kijiwe kiko Kirumba, hivyo kilichokusudiwa ni Kirumba. Waliobashiri mvua wanasema Buhongwa nayo ni Mwanza. Kisha mzee mmoja tunayemheshimu sana akaleta hoja ya tatu, kwamba kwa hesabu ya wazee siku huanza jua linapozama, na kwa hiyo mvua ile ya saa nne usiku wa kuamkia Krismasi ilikuwa tayari ni ya Krismasi.

Naomba kujua mambo mawili. Kapu nimpe nani? Na je, kampuni zinazopokea madau ya namna hii huko nje huepukaje ugomvi kama huu, maana yupo kijana wetu anayetushawishi tuachane na daftari tuhamie kwenye simu?

Jibu: Msoma Kipimamvua

Ndugu Mtunza Daftari, nimesimamia kipimamvua cha shule kwa muda mrefu, kwa hiyo nitagusa upande wa mvua, na upande wa fedha nitawaachia wanaoujua.

Kando ya ziwa hili, kusema "mvua itanyesha Mwanza" ni sawa na kutosema mahali. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo hutoka pande zote za ufuko kuelekea ziwani, hukutana huko na kuinua hewa yenye unyevu. Ndiyo sababu ngurumo nyingi za usiku na alfajiri huzaliwa juu ya maji. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu hushika joto, upepo wa ziwa huingia bara, na mawingu hujijenga mbali kidogo na ufuko. Kwa hiyo Buhongwa, iliyo kusini kwenye barabara ya Shinyanga, inaweza kulowa chapachapa alasiri ile ile ambayo Kirumba, penye ufuko, pamebaki pakavu, na hakuna anayesema uongo. Hata ufuko wenyewe hauko sawa: upepo wa mashariki husukuma mawingu ya usiku kuelekea magharibi, na hivyo Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka ilhali sisi wa Mwanza tunapata takriban nusu yake.

Kuhusu siku, mzee wenu msimcheke. Kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, na kinachokutwa ndani yake ni mvua ya saa 24 zilizotangulia. Mvua yenu ya saa nne usiku tarehe 24 ingesomwa asubuhi ya Krismasi, na mvua ya Buhongwa ya alasiri ya Krismasi ingesomwa asubuhi ya tarehe 26. Anayehesabu kwa usomaji wa asubuhi, anayehesabu kwa saa sita ya usiku na anayehesabu kwa magharibi watapata majibu yanayotofautiana, na kila mmoja ana msingi wa kusimamia. Ama yale matone ya Kirumba, kwa desturi siku huhesabiwa kuwa ya mvua pale kipimo kinapofika milimita 1, na matone yasiyotuliza vumbi hayafiki hapo.

Waingereza wana dau linalofanana kabisa na lenu, isipokuwa kwao swali ni theluji. Idara yao ya hali ya hewa, Met Office, huihesabu Krismasi kuwa nyeupe iwapo chembe moja ya theluji imeonekana ikidondoka ndani ya saa 24 za tarehe 25 Desemba. Haijalishi kama imelala chini. Mtu anaweza kuamka akakuta bustani yote imefunikwa na theluji ya jana, akafurahi, na bado akaliwa dau lake, kwa sababu siku yenyewe haikudondoka hata chembe. Zamani macho yote yalikuwa kwenye jengo la Met Office la London; siku hizi kampuni hutaja mji au uwanja wa ndege mmoja mmoja, na kila mahali pana odi zake, yaani kiwango atakacholipwa mshindi kwa kila fedha aliyoweka.

Jibu: Karani wa Mahakama Mstaafu

Nimeyapenda maelezo ya ndugu aliyetangulia, lakini shauri hili, mwanangu, kabla ya kuwa la hali ya hewa ni la maandishi yako.

"Mwanza" uliyoiandika ni ipi? Mkoa wa Mwanza unaanzia Kwimba na Magu hadi Sengerema na visiwa vya Ukerewe, na siku ya Desemba isiyo na tone popote katika eneo hilo lote ni ya kutafutwa kwa tochi. Kwa maana hiyo waliobashiri mvua walikuwa wameshinda kabla ya kuweka dau. Jiji la Mwanza nalo, tangu Ilemela ilipopata halmashauri yake mwaka 2012, ni Nyamagana. Buhongwa iko Nyamagana. Kirumba iko Ilemela. Hivyo wale wanaoshikilia kwamba Mwanza maana yake ni kijiweni kwenu, tukiwafuata hadi mwisho wa hoja yao, tutawakuta wamekaa nje ya Jiji huku wakidai kwamba wao ndio Jiji.

Pamoja na hayo sitawapa kapu watu wa Buhongwa. Kila mmoja alitia saini akiwa na maana yake kichwani, hakuna aliyemuuliza mwenzake, na wewe hukuweka mwamuzi. Makubaliano ya aina hiyo hayampi yeyote haki juu ya mwingine. Rudisha kila dau kwa mwenyewe, yule mzee akiwamo, na asiyeridhika asifikirie kwenda mahakamani, kwa sababu Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inayahesabu makubaliano ya kubahatisha kuwa batili, na hakimu hatamsaidia mshindi kukamua fedha kwa aliyeshindwa. Kinachoendesha madau kihalali nchini ni Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo inamtaka mwendeshaji awe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na asimruhusu aliye chini ya miaka 18. Siku utakapojikatia hata shilingi mia moja ya kalamu, umeingia kwenye biashara inayotaka leseni. Na hata bila kujikatia, mimi nisingelitangaza kapu hilo kwa wapita njia.

Unauliza kampuni huepukaje ugomvi. Huandika sana. Mwaka 1964 Mwingereza aitwaye David Threlfall aliweka pauni 10 kwa odi ya 1,000 kwa 1 kwamba binadamu angefika mwezini kabla ya Januari 1971, na masharti yake yalitaja mtu yeyote, mwanamume, mwanamke au mtoto, kutoka taifa lolote la duniani. Angefika Mrusi, angelipwa. Angefika mtoto wa miaka mitano, angelipwa. Julai 1969 alilipwa pauni 10,000 bila mabishano. Kinyume chake, fikiria usiku wa tuzo za Oscar mwaka 2017, bahasha zilipochanganywa na filamu isiyoshinda ikatangazwa jukwaani kuwa filamu bora, wahusika wakapanda na kuanza kushukuru, ndipo ikasahihishwa. Daftari lako lingeandika "atakayetangazwa mshindi", kama ulivyoandika hapo juu, ungekuwa na kesi nyingine. Na hilo daraja lenu, kama mngelibashiri kwa neno "kufunguliwa", ingekuwa siku ya kukata utepe au siku gari la kwanza la abiria lilipovuka?

Jibu: Muuza Dagaa wa Mwaloni

Shikamoo Karani. Kaka zangu, mmezama kwenye maandishi mkasahau jambo linalonitia wasiwasi zaidi mimi. Mvua ni afadhali, kwa sababu hakuna mtu aliyekwisha kuijua na hakuna anayeweza kuisukuma. Haya mengine mnayoyabashiri, tuzo, mashindano, wageni rasmi, yana watu wanaojua jibu wakati nyinyi bado mnafikiri.

Shindano la runinga lililorekodiwa mapema lina washiriki, wapiga picha, wahariri, wapambaji na madereva, na kila mmoja wao ana shemeji. Tuzo ya waamuzi ina waamuzi. Huko nje kampuni hubashirisha hata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka 2008 odi za Mfaransa Le Clézio zilishuka ghafla kabla hajatangazwa, ishara kwamba fedha nyingi zilikuwa zinawekwa kwake, hata watoaji wa tuzo wenyewe, Akademia ya Uswidi, wakashuku kwamba siri imevuja. Lakini siri ikifichwa vizuri hao wenye odi nao ni kama sisi tu. Kwa miaka mingi walimweka Ngũgĩ wa Thiong'o karibu na kilele cha orodha zao, na hakuipata hadi alipofariki Mei 2025. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilipokwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, hakuwa miongoni mwa waliopewa nafasi kubwa. Sisi huku tulishangilia. Waliokuwa na mikeka yao, sidhani.

Mfano mbaya zaidi ni wa siasa. Tarehe 22 Mei 2024 Rishi Sunak, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, alitangaza kwamba uchaguzi ungefanyika tarehe 4 Julai. Ikaja kufahamika kwamba msaidizi wake wa bungeni alikuwa ameweka pauni 100 siku tatu kabla, akibashiri kwamba uchaguzi ungekuwa Julai. Tume inayosimamia michezo ya kubahatisha ilichunguza, na Aprili 2025 watu 15 walishtakiwa kuhusiana na madau ya tarehe ya uchaguzi huo. Pauni 100! Mtu wa cheo kile.

Na lipo kundi la mambo ambayo anayebashiri anaweza kuyatengeneza mwenyewe. Niliwahi kusikia vijana hapa sokoni wakitaka kubashiri bei ya dagaa wiki ijayo. Nikawaambia, mnabashiri na nani? Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika na mzigo hupungua. Hilo kila mtu analijua. Lakini mwenye mitumbwi mingi na ghala anaweza kuuzuia mzigo siku mbili, bei ikapanda, akala fedha zenu na za dagaa pia. Huo si ubashiri.

Jibu: Kijana wa Igoma

Shikamooni wakubwa. Nadhani ndiye mimi ninayetajwa kwamba ninawashawishi watu. Hoja yangu ni nyepesi: kwenye simu masharti yameandikwa tayari, mwamuzi ametajwa, na fedha hulipwa bila Mtunza Daftari kupigiwa simu usiku. Zaidi ya hapo odi zenyewe ni elimu, kwa sababu zinakusanya maoni ya watu wengi walio tayari kuyalipia. Anayetaka kujua nani ana nafasi ya kushinda tuzo asome odi badala ya kusikiliza kelele za mashabiki.

Jibu: Karani wa Mahakama Mstaafu

Marahaba, kijana wangu. Elimu ipo, ila ada yake ikague kabla ya kulipa. Chukua swali lenye majibu mawili yanayolingana nguvu, ndiyo au hapana, ambalo kampuni imeweka odi 1.80 kila upande. Mtu mmoja akiweka shilingi 1,000 upande huu na mwingine 1,000 upande ule, zimeingia 2,000. Atakayeshinda atalipwa 1,800, na 200 zimebaki kwa mwenye duka, jibu liwe lolote. Odi ya haki hapo ingekuwa 2.00. Kwenye maswali yenye majina mengi, kama ya tuzo, pengo hilo huwa kubwa zaidi na ni vigumu kuliona, maana limegawanywa kidogo kidogo kwa kila jina. Fanya hivi: gawanya 1 kwa kila odi, jumlisha majibu yote. Jumla ikiwa 1.00 hawachukui kitu. Ukikuta 1.25, ujue duka limejiwekea robo nzima juu ya hesabu ya haki. Kapu la Kirumba, pamoja na kasoro zake zote za lugha, linarudisha kila shilingi iliyoingia.

Utagundua pia kwamba madau ya burudani na hali ya hewa huwekewa kikomo kidogo, na fedha zikimiminika ghafla upande mmoja, dirisha hufungwa. Hawafanyi hivyo kwa huruma. Wanajua vizuri aliyoyasema dada yetu wa Mwaloni, kwamba anayekuja na fedha nyingi kwenye swali dogo pengine ana jibu mfukoni.

Ama kuhusu maoni ya wengi, mwaka jana tu, kardinali wetu Rugambwa wa Tabora akiwa miongoni mwa wapiga kura, waliopewa nafasi kubwa na wabashiri kumrithi Papa Fransisko walikuwa makardinali Parolin na Tagle. Tarehe 8 Mei 2025 akatoka Robert Prevost, Papa Leo wa 14. Mchezo huo ni wa kale sana, na mwaka 1591 Papa Gregori wa 14 aliupiga marufuku kwa tishio la kumtenga mtu na Kanisa. Na kama kampuni hiyo ya simu ni ya nje, iulize kwanza Bodi kama ina leseni hapa, kwa sababu masharti yaliyoandikwa vizuri na kampuni usiyoweza kuishtaki hayakusaidii siku usipolipwa.

Mtunza Daftari wa Kirumba

Nawashukuru wote. Nimesoma majibu yenu kwa sauti pale kijiweni, na madau nimeanza kuyarudisha, ingawa mzee wetu amekataa kupokea lake akisema mshindi harudishiwi, hulipwa. Limezuka na jambo jingine. Mwenzetu mmoja amependekeza tubashiri ni chombo gani cha majini kitakachoharibika kwanza kabla ya Pasaka. Baadhi wamecheka, wengine wamenyamaza. Nifanyeje?

Jibu: Muuza Dagaa wa Mwaloni

Lifute. Mji huu ulizika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, na mwaka 2018 Ukara walizika wa MV Nyerere. Mtu asiwekewe fedha za kumfanya atamani injini izime ziwani.

Jibu: Karani wa Mahakama Mstaafu

Naungana naye, na hata hao Waingereza wapenda madau walifika kwenye mpaka huo. Katika karne ya 18 watu wa London walikuwa wakikata bima juu ya uhai wa watu wasiowahusu, wakingoja wafe walipwe. Hata suala la kama Chevalier d'Éon, mwanadiplomasia wa Kifaransa, alikuwa mwanamume au mwanamke lilifanywa mkataba wa fedha na kuishia mahakamani. Sheria yao ya mwaka 1774 ilikataza bima ya uhai kwa mtu asiye na maslahi halali katika uhai huo. Kifo, ajali na ugonjwa wa mtu, kwenye daftari lako visiingie kabisa.

Jibu: Msoma Kipimamvua

Nimalizie na mvua, maana najua mtarudia Krismasi ijayo. Andika hivi: "Kituo cha hali ya hewa cha Uwanja wa Ndege wa Mwanza kitapima mvua ya milimita 1 au zaidi katika saa 24 zinazoanza saa tatu asubuhi ya tarehe 25 Desemba na kuishia saa tatu asubuhi ya tarehe 26." Kituo hicho kiko Ilemela, kwa hiyo watu wa Buhongwa wajue mapema kwamba mvua ya kwao haihesabiwi, na mzee aambiwe kwamba usiku wa kuamkia Krismasi uko nje. Takwimu rasmi huombwa kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na huenda mkachangishana gharama. Ongeza basi sentensi moja kwamba zisipopatikana hadi tarehe 15 Januari, kila mtu anarudishiwa shilingi zake 5,000.

Kabla ya kuweka madau, tafuteni pia rekodi za miaka 30 za tarehe hiyo. Mkikuta, tuseme, ilinyesha mara 12, basi nafasi ya mvua ni asilimia 40 na odi yake ya haki ni 2.50, anayetaka kugawana kapu nusu kwa nusu na mtu wa ukavu atakuwa anampa zawadi.

Mtunza Daftari wa Kirumba

Nimenakili yote. Swali la mwisho tu: kipimo kikisoma milimita 0.9?

Jibu: Msoma Kipimamvua

Mtu wa mvua ameliwa.